Tumwandikie mama wa kanda ile sehemu ya wasifu iliyokosekana

Mleta uzi

Ndugu zangu wana jukwaa, poleni na majukumu. Ninafungua uzi huu kwa ajili ya mwenzetu aliyetunza chumba cha kanda katika kituo kimoja cha televisheni ya kanisa hapa Dar es Salaam tangu mwaka 2005, ambaye tulimsindikiza kwao Mbinga wiki tatu zilizopita. Familia imeomba jina lake lisiandikwe mtandaoni, nami nimeliheshimu ombi hilo. Waliofanya kazi naye watamtambua mara moja, kwa kuwa pale kazini karibu hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita mama wa kanda, na hata yeye alipoinua simu ya ndani alijitambulisha hivyo.

Kilichonisukuma kuandika ni wasifu wa marehemu uliosomwa chini ya turubai pale Tabata siku ya kuaga. Msomaji aliusoma vizuri, na yaliyoandikwa yote yalikuwa kweli, lakini miaka yote ya kazi yake ilipewa sentensi moja tu, kwamba marehemu aliajiriwa kama mtunza kumbukumbu na alikuwa mchapakazi. Nilitazama safu tuliyokaa wafanyakazi, nikaona kila mmoja ameinamisha kichwa. Sehemu ile tulipaswa kuiandika sisi, na hakuna aliyetuomba wala aliyejitolea. Naomba basi tuiandike hapa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Kabla ya kadi za kumbukumbu kuingia, ibada, mkesha, tamasha la kwaya, vyote vilirudi kituoni vikiwa katika kanda ndogo za MiniDV, zilizozidi kidogo ukubwa wa kiberiti, kila moja ikibeba dakika 60. Kanda zilinunuliwa kwa fedha, na kituo kinachoishi kwa sadaka na matangazo machache ya biashara hakina fedha ya kuchezea. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu kwamba kipindi kikisharushwa mara mbili, kanda yake irudishwe kwa wapiga picha, irekodiwe upya juu ya yale yaliyokuwamo. Mama wa kanda aliukuta utaratibu huo, na yeye ndiye aliyeukomesha. Hakwenda kwa wakubwa na maneno ya huruma. Alikwenda na kanda mbili, moja mpya na nyingine iliyokwisha kurekodiwa mara nne, akaomba zichezwe kwenye deki mbele ya wakuu wa idara. Ya pili ilipochezwa, picha ikakatika vipande vya mraba na sauti ikaruka katikati ya mahubiri. Akawauliza, mgonjwa aliye kitandani akilikosa neno lile la katikati, tumempelekea nini? Tangu siku hiyo kanda za kwaya hazikufutwa tena, na za mahubiri zilifutwa mara moja tu, tena kwa saini yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini alizing'ang'ania hasa za kwaya. Kwaya kubwa za jiji hili, mfano wa Uinjilisti Kijitonyama au AIC Chang'ombe, zilirekodi albamu zao zikasikika nchi nzima. Kwaya ya watu kumi na wanane wa Kitunda haikuwa na uwezo huo. Siku ile moja tuliyofika na kamera ndiyo siku pekee sauti zao ziliponaswa na chombo chochote, nasi tulikuwa tukienda kuifuta ili turekodi semina ya ujasiriamali. Yeye aliliona jambo hilo mapema kuliko sisi tuliojiita wataalamu.

Kisha kuna habari ya sauti yake. Hewa ya Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, hulegeza gundi, na asubuhi moja alifungua chumba akakuta lebo zimebanduka na kutapakaa sakafuni kama majani ya mwembe. Ilimchukua wiki nzima kucheza kanda moja moja ili ajue ipi ni ya wapi. Baada ya hapo alijiwekea utaratibu ambao sijausikia katika kituo kingine chochote. Kila Jumamosi jioni, kabla wapiga picha hawajakabidhiwa kanda za kesho yake, alitia kila kanda ndani ya kamera, akaacha kifuniko cha lenzi mahali pake, akarekodi sauti yake kwa nusu dakika juu ya picha nyeusi. Alitaja siku na tarehe, mahali, jina la kwaya, jina la mwalimu wa kwaya na idadi ya waimbaji kama alivyoelezwa kwa simu. Mwishoni alisema, "Mungu awatie nguvu," kisha akaitoa kanda na kuiandika daftarini. Watazamaji hawakuwahi kuisikia sehemu hiyo, kwa sababu mhariri aliikata kwanza.

Nimalizie kwa tukio moja nililoliona kwa macho yangu. Wanaoyakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 wanajua yalivyofanya Jangwani, Mchikichini na bonde lote la Msimbazi, na jinsi waathirika wengi walivyohamishiwa Mabwepande. Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja kutoka huko Mabwepande, amepanda daladala tatu, akaomba kuonana na mtu anayetunza picha. Maji yalichukua nyumba pamoja na albamu zote za picha, naye hakuwa amebakiwa na sura ya mumewe, ambaye alifariki miaka miwili kabla ya mafuriko. Alichokumbuka ni kwamba mumewe aliimba besi, na kwamba kamera iliwahi kufika kanisani kwao siku ambayo kwaya ilivaa mashati ya kijani. Mwaka hakuujua.

Mama wa kanda hakumwambia arudi kesho. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akafungua daftari na kutafuta kwa jina la kanisa. Zikapatikana kanda tatu, na ya pili ndiyo iliyokuwa na mashati ya kijani. Nilikuwa nimeingia kuomba kanda, nikabaki nimesimama mlangoni. Yule mama alipomwona mumewe hakulia. Aliomba irudishwe nyuma, akaomba tena, na mara ya tatu akaanza kuimba naye, yeye akiwa kwenye kiti na mumewe akiwa kwenye kioo kidogo cha deki. Aliondoka na nakala kwenye diski pamoja na picha ya uso tuliyoitoa katika kanda hiyo. Mwenzetu alikaa kimya mchana wote, na kesho yake akaomba daftari jipya ambalo lingekuwa na safu ya ziada, ya rangi ya sare.

Naomba wengine waendelee.


Mchangiaji wa 2, fundi mitambo mstaafu

Asante sana, mdogo wangu, kwa kuianza kazi hii. Mimi nilistaafu kabla yake, na msibani sikuweza kufika kwa sababu ya miguu.

Kwanza ningependa tumkumbuke jinsi alivyokuwa. Alikuwa mkali. Mpiga picha aliyerudisha kanda bila kasha alitumwa akalitafute kasha hilo hata kama aliliacha Bunju. Niliwahi kumwona akimkatalia mchungaji mmoja, kwa heshima zote na kwa kupiga goti, kanda ambayo mchungaji huyo alitaka kuondoka nayo bila kuandikwa. Mchungaji alikasirika, akaenda kulalamika, na baada ya juma moja akarudi, akasaini kama watu wengine. Wapo vijana waliomwogopa kuliko mkurugenzi. Ukali ule ndio uliozifikisha kanda hapa zilipo, nami sioni sababu ya kuuficha.

La pili ni habari ya mgao wa umeme wa mwaka 2011, ule wa maji kupungua katika bwawa la Mtera. Umeme ulikatika kwa saa nyingi, na jenereta letu lilikuwa na uwezo wa kubeba studio na chumba cha urushaji peke yake. Chumba cha kanda kikabaki bila kiyoyozi. Ambaye hajafanya kazi na kanda hawezi kujua maana ya jambo hilo. Joto na unyevu vikikaa pamoja, ukungu mweupe huota kwenye utepe, na kanda yenye ukungu ukiitia kwenye deki huchafua kichwa cha deki, nacho kichwa hicho huzichafua kanda nyingine zitakazofuata. Kanda moja mbovu yaweza kuambukiza rafu nzima.

Chumba changu cha urushaji hakikuzimwa kiyoyozi kamwe, kwa kuwa mtambo ukipata joto hujizima. Basi siku moja nikaona makapu ya sokoni, yale ya ukindu, yanaingia mlangoni mwangu. Nilimwambia, "Dada, hapa ni mahali pa mitambo." Akanijibu kwamba na hizo pia ni mitambo ila hazipigi kelele. Kwa miezi ile yote alizihamisha kwa zamu, rafu moja juma hili, rafu nyingine juma lijalo, akizirudisha nyuma na kuzipeleka mbele moja moja ili utepe usigandane, akizipanga wima kama vitabu. Nilipoteza nafasi ya kuweka kiti changu, nikala chakula changu cha mchana nimesimama. Leo nafurahi kwamba sikumfukuza.


Mchangiaji wa 3, mtazamaji kutoka Ukonga

Shikamooni wakubwa. Mimi sikuwahi kufanya kazi kituoni hapo, na mama huyo sikumwona hata mara moja, lakini nimemfahamu kwa simu, na nadhani ninayo haki ya kuandika mistari michache.

Mama yangu mzazi alipooza upande mmoja mwaka 2010, na tangu hapo kanisa lake likawa ile runinga ya sebuleni. Alikuwa na kitabu chake cha nyimbo mapajani kila Jumapili. Tatizo lilikuwa kwamba kiongozi wa ibada akitaja namba ya wimbo, mama akianza kufungua kurasa kwa mkono mmoja, anapoufikia wimbo wenyewe wako beti ya tatu. Lilimuumiza sana jambo hilo, kuliko hata ugonjwa, kwa sababu alizoea kuimba kuanzia neno la kwanza. Nikapiga simu kituoni bila kutarajia lolote. Simu ikapokelewa na sauti ya mwanamke iliyosema, "Chumba cha kanda." Nilitaka kukata nikidhani nimekosea, akaniambia niseme tu shida yangu, kwani simu za watazamaji zikikosa mtu wa kuzipokea huishia kwake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza mama hutumia muda gani kuufikia ukurasa. Sikujua. Akaniomba Jumapili ijayo nihesabu, kisha nimpigie. Nilihesabu, nikampigia, nikamwambia ni kama dakika moja na nusu. Haukupita mwezi, namba za nyimbo zikaanza kuonekana kwenye kioo chini kulia, zote kwa pamoja, kabla ibada haijaanza, na zikarudiwa wakati matangazo ya kanisa yakisomwa. Mama aliweka vipande vya karatasi kwenye kurasa mapema, na kuanzia hapo aliimba tangu neno la kwanza hadi alipofariki.

Mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, sisi tulikuwa hatujanunua king'amuzi. Siku ya tatu simu yangu iliita. Alikuwa yeye. Alikuwa na daftari la wagonjwa waliowahi kupiga simu, na alikuwa akiwapigia mmoja mmoja kuuliza kama wanapata picha.


Mleta uzi

Mzee wangu, na wewe ndugu yangu wa Ukonga, mmeniandikia mambo ambayo sikuyajua. Nilifanya kazi naye miaka kumi na miwili, naye hakuwahi kuniambia habari ya daftari la wagonjwa. Zile namba za nyimbo nilidhani ni uamuzi wa kikao cha vipindi, na kumbukumbu za kikao hicho ndivyo zinavyosema. Nilikwenda jana kwa ruhusa ya kituo kulitafuta daftari hilo, nikalikuta katika droo ya chini. Majina mengi yana alama ndogo ya msalaba kwa penseli pembeni, na karibu na kila alama kuna tarehe. Alikuwa akiendelea kupiga simu mpaka aambiwe kwamba mwenyewe ameondoka, na mara nyingine, kwa jinsi alivyoandika, alipiga tena siku ya arobaini kuwafariji waliobaki.

Sasa niseme jambo ambalo lingemhangaisha yeye. Kanda zilizomo chumbani zinazidi elfu moja. Kanda ya MiniDV haiwezi kunakiliwa haraka kama faili. Ikiwa na saa moja ya ibada, itachukua saa moja kamili kuingia kwenye kompyuta, na mtu lazima awepo kuitazama isije ikakwama. Kwa deki moja inayofanya kazi saa nane kwa siku, kanda elfu moja ni zaidi ya miezi minne bila kupumzika hata Jumapili. Deki zilizobaki nzima ni mbili, na vipuri vyake sijavipata Kariakoo wala kwa mafundi ninaowafahamu. Yeye alikuwa ameianza kazi hiyo peke yake jioni baada ya saa za kazi, katika miaka yake ya mwisho, wakati kadi za kumbukumbu zilipokuwa zimemwachia kazi kidogo ya mchana na watu wakidhani kwamba chumba chake kimekwisha kazi. Alifika kanda ya mia mbili na kumi na nne. Ya mia mbili na kumi na tano tuliikuta ndani ya deki.

Kituo kimekubali tuendelee kwa kujitolea, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Anayejua kutumia deki aje. Asiyejua aje pia, kwa sababu kuna kazi ya kusikiliza na kuandika, na anayezifahamu kwaya za zamani za jiji hili ana msaada mkubwa kuliko fundi.


Mchangiaji wa 4, mhariri wa video

Mimi ndiye kijana niliyepewa deki ya kwanza Jumamosi iliyopita. Nilijiunga na kituo wakati wa kadi, kwa hiyo nilimjua mama wa kanda kama mtu mzima aliyetuletea karanga na kutukemea tulipoyapa mafaili majina ya ovyo. Sauti yake ya mwanzo wa kanda sikuwa nimewahi kuisikia.

Hakuna aliyenitayarisha. Nilitia kanda ya kwanza, kioo kikawa cheusi, nikafikiri deki ni mbovu, nikanyoosha mkono kuizima, naye akaanza kuzungumza sikioni mwangu. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye umri mdogo kuliko niliyemjua, na nyuma yake ilisikika feni na mtu anayecheka ukumbini. Tulinakili kanda saba siku hiyo. Mara saba alianza kuzungumza, na mara saba alisema Mungu awatie nguvu. Kwenye kanda ya tano alikuwa na mafua. Nimeamua kutoikata sehemu hiyo katika nakala yoyote, na nimewaomba wenzangu wasiikate.

Nina swali kwa wanaozifahamu kwaya za Mbagala. Kanda ya sita haina lebo, na ukurasa wake katika daftari umelowa maji hausomeki. Yeye mwenyewe anasema hivi: "Kanda hii ni ya Jumapili tarehe 8 Machi 2009, Jumapili ya pili ya Kwaresima, Mbagala Kizuiani, kwaya ya vijana, waimbaji ishirini na wawili. Mwalimu wao ameahidi kunipigia anipe jina lake na majina ya waimbaji. Nimemwachia nafasi." Kwaya imevaa mashati meupe na vitambaa vya zambarau shingoni. Mwalimu ni kijana mrefu anayeongoza kwa mkono wa kushoto. Kuna msichana wa sauti ya kwanza ambaye katika wimbo wa pili anasahau maneno, anatabasamu, na wenzake wanambeba.


Mchangiaji wa 5

Mkono wa kushoto ni wangu.

Nimeisoma habari hii mara kadhaa kabla ya kuandika. Sikumpigia simu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, niliona ni jambo dogo, nikasema nitafanya juma lijalo. Wiki saba hivi baadaye, tarehe 29 Aprili, ghala la silaha la jeshi likalipuka pale Mbagala. Hakuna mwimbaji wetu aliyepoteza maisha, namshukuru Mungu, lakini nyumba za wengi ziliharibika, familia zikahamia Kongowe, Chanika na kwingineko, na kwaya ile haikukusanyika tena kwa ukamilifu wake. Tulidhani hakuna kilichobaki chetu. Yule msichana aliyesahau maneno ni mke wangu, naye amekaa karibu yangu ninapoandika.

Kati ya waimbaji ishirini na wawili tunawakumbuka kumi na tisa kwa majina na sauti walizoimba. Watatu waliobaki huenda kaka mmoja wa besi anayeishi Chamazi akawajua, nimekwisha kumtumia ujumbe. Tutakuja Jumamosi saa tatu. Naomba daftari lile liwepo mezani pamoja na kalamu, hata kama ukurasa umelowa, ili niandike katika nafasi aliyoniachia.